Kikoa cha Bweni la Nne

Mchoro ulitakiwa uwe na nundu mbili.

Dk. Nakiete Mbwambo alikuwa akiuona kichwani tangu siku ya kwanza ya jaribio: nundu moja kushoto, ya watu ishirini wasio na chembe ya dawa damuni; nundu ya pili kulia, ya watu ishirini walioinywa kila asubuhi kwa miezi sita; katikati bonde tupu. Badala yake mashine ilimtolea kilima kimoja, kimeketi katikati kabisa, palepale palipotakiwa pawe bonde.

Akaiosha mashine. Akapitisha damu upya. Akabadilisha vimiminika, akarudia mara ya tatu, na kilima kikabaki pale kama mtu aliyekataa kuhamishwa kiwanjani kwake.

Watu wote arobaini walikuwa na dawa. Na wote walikuwa na nusu.

Alisimama akatazama nje. Kutoka dirisha la maabara Shimo la Nkangala lilionekana lote, ngazi baada ya ngazi ya mwamba wa kijivu, na juu kabisa pazia, utando mweupe uliofunika shimo kutoka ukingo hadi ukingo. Jua lilipita ndani yake likawa kama yai la kuchemsha. Pazia liliwekwa ili vumbi lisitoke likawadhuru watu wa vijiji vya juu. Hivyo ndivyo walivyotangaza, na vijiji vikapiga makofi. Kuhusu wachimbaji elfu moja na mia moja waliobaki chini ya pazia pamoja na hilo vumbi, tangazo halikuwa na neno.

Walikuwa wamesaini miaka saba kila mmoja. Kwenye mkataba kuna kifungu cha kumi na nne: mfanyakazi atatoka akiwa na afya ileile aliyoingia nayo. Ukikisoma mbiombio utadhani ni ahadi. Kilikuwa kufuli. Aliyeugua hakuwa na afya aliyoingia nayo, kwa hiyo hakutoka. Babu za babu zao walipelekwa kwenye mkonge na kupewa namba shingoni, wakaitwa manamba, na vitabu vya shule vikatufundisha kwamba mambo hayo yamekwisha. Hayajaisha. Yamevaa kofia nyingine, na safari hii namba imeandikwa kwenye chupa ya dawa.

Mlango ulifunguka. Aliingia Bwana Rwegasira, Msimamizi wa Afya wa Kampuni, viatu vyake safi kama vya mtu anayetembea juu ya mikeka.

"Habari za kazi, Daktari."

"Nzuri, Bwana Rwegasira."

"Si nzuri sana. Mizani imeukataa mchoro wako."

Mizani ilikuwa mashine ya Kampuni iliyosoma damu, mikataba na malango kwa jicho lilelile moja. Haikuwa na ubaya wa moyo, maana haikuwa na moyo. Ilifundishwa kwamba dawa inayofanya kazi huonekana kwa tofauti: hawa walikunywa, hawa hawakunywa, tazama. Pasipo na tofauti, hakuna dawa.

"Nahitaji muda," Nakiete alisema.

"Una siku tatu za kuamua jaribio lifungwe au liendelee. Andika kwamba dawa imeshindwa, na hakuna atakayekulaumu. Ugonjwa utaingizwa kwenye kumbukumbu kuwa ni wa kurithi, uko kwenye koo zao, na wewe baada ya wiki uko juu, unakula makande kwenu Usangi."

"Na wao?"

"Wao unakijua kifungu."

"Nikithibitisha inafanya kazi?"

"Sheria ya juu itatubana. Dawa kwa wote, na kifungu kinakufa." Alitabasamu kidogo, kama mtu anayesimulia mvua ya nchi nyingine. "Lakini kwa mchoro huu? Labda kuna waliovunja masharti. Kama wapo nipe majina. Watatolewa, watafungiwa mlango wa kliniki, tutachagua arobaini wengine tuanze upya."

"Wakifutiwa dawa watakufa."

"Mimi nimesema kliniki, Daktari. Neno la kufa umelitumia wewe."

Alipoondoka, Nakiete alikaa na daftari lake. Ukurasa wa kwanza, miaka minne nyuma, alikuwa amechora protini iliyo ndani ya ukuta wa moyo, akaipa jina la Karani kwa sababu kazi yake ni kutoa amri tu. Karani ana kiti kimoja, na kwenye kiti hicho hukaa magnesiamu. Magnesiamu ikikaa, Karani hufunga mdomo. Vumbi la Nkangala lina madini yanayofanana na magnesiamu kwa umbo la nje. Yakiingia damuni huisukuma na kukikalia kile kiti, yasinyanyuke tena. Hapo Karani hufunua mdomo asiufumbe: suka nyuzi, suka nyuzi, suka nyuzi. Seli zinasuka. Ngozi ya ndani ya moyo inanenepa, inakakamaa, mpaka moyo haujai damu. Wachimbaji hawakungoja hadubini kulijua hilo. Waliuita ugonjwa ngoma kavu, kwa jinsi kifua cha mwenzako kinavyolia ukilala karibu naye.

Dawa yake aliiita Kishikizi. Ilikuwa protini iliyokunjwa palepale maabara, yenye kama vidole viwili: inang'oa madini kitini na kwenda nayo hadi mkojoni. Kwenye sahani za kioo ilifanya kazi. Kwenye panya ilifanya kazi. Sasa ilikuwa ndani ya watu arobaini, nusu nusu, na hakuna mtu kwenye dunia hii aliyekuwa na ruhusa ya kuamini hivyo.

*

Bweni la Nne hula kikoa. Leo unga wangu, kesho dagaa zako, kesho kutwa mwenye bamia anatoa bamia. Chungu kimoja, na anayekula pembeni anaulizwa kama kwao kuna msiba. Desturi hiyo ni kongwe kuliko shimo. Ndiyo iliyovusha watu kwenye mkonge, na kwenye reli, na kwenye kila mahali ambapo mtu mwingine aliwapimia chakula akidhani amewapimia na utu.

Asubuhi ya pili Nakiete alifika kabla ya zamu. Jaribio lote lilikuwa la bweni hili, wenyewe walijitolea. Walichukua vichupa vyao dirishani kwa nesi na kuja navyo hapa, kwa sababu wanyapara hawakutaka foleni ya kunywa dawa iwacheleweshee kazi. Aliingia bila kubisha.

Sufuria la uji lilikuwa katikati ya meza. Hosea Mpangala, mgawaji wa bweni, alikuwa akilipepea kwa mfuniko. Vichupa arobaini vilipangwa mstari. Mama Tumpale, mkuu wa bweni, mwanamke aliyeendesha mashine ya kutoboa mwamba kwa miaka kumi na moja katika mkataba wa miaka saba, alikuwa akivifungua kimoja kimoja na kuvimimina ndani ya uji.

"Mnafanya nini?"

"Karibu uji, mtani," alisema Lyimo kutoka kitandani kwake. Alikuwa Mchaga wa Machame, mrefu, kifua kimebonyea, na tangu siku ya kwanza alikuwa hampi Nakiete nafasi ya kupumua kwa ule utani wa Wachaga kuwaita Wapare wabahili. "Leo Mpare atakula cha wenzake. Mwiteni mpiga picha."

"Nimeuliza mnafanya nini!"

"Tunapooza kwanza," Mama Tumpale alijibu, na sauti yake ilikuwa na fahari ya mwanafunzi aliyeshika somo. "Nesi alituambia dawa isiguswe na moto. Tunangoja mpaka kidole kikae ndani ukihesabu ishirini. Hatujaharibu hata siku moja."

"Mama, kila mtu ana chupa yake. Kila chupa ina namba."

"Namba tumeiona. Sisi na namba ni ndugu."

"Lakini mlijuaje kwamba..." Nakiete alijikatiza. Hakutaka kulisema yeye.

Lyimo alijivuta hadi mezani, akachukua vichupa viwili ambavyo havijafunguliwa, akavitikisa. Kimoja kikajaa povu jeupe. Cha pili kikabaki maji matulivu.

"Wiki ya kwanza tu," alisema. "Mashine yako ya mamilioni imeshindwa na mtu aliyewahi kufua. Siku ile tulikaa hapa tukatazamana. Ishirini wana povu, ishirini hawana. Sasa niambie, mtani, wewe ungeinywa? Mbele ya mtu unayelala naye ukuta mmoja, unamsikia kifua kinavyolia, ungenywa ukafuta mdomo?"

"Hiyo ndiyo kazi ya jaribio."

"Basi jaribio halina adabu."

Watu wakacheka. Hosea Mpangala hakucheka. Alikuwa ameanza kugawa, upawa mmoja kila bakuli, akisawazisha kwa jicho, la kwake la mwisho kama kawaida. Alizungumza bila kuinua kichwa.

"Hakuna aliyekufa, Daktari. Miezi sita. Bweni la Tatu wamezika saba. Hapa hakuna."

Nakiete alikaa kwenye benchi. Hilo alilijua. Alikuwa amelijua kwa miezi akiogopa kuligusa: kwamba hata nusu ya Kishikizi ilikuwa inamnyamazisha Karani kiasi cha mtu kuamka kesho. Lilikuwa jibu bora kuliko yote aliyowahi kuyatafuta. Na Mizani haihesabu wasiokufa. Inataka tofauti, na hawa walikuwa wameigawana tofauti yenyewe kwa upawa.

*

Aliwaeleza. Hakuficha kitu, isipokuwa kimoja.

Aliwaambia akiandika kwamba dawa imeshindwa, ugonjwa utabandikwa kwenye koo zao na lango halitafunguka kwa yeyote aliye chini ya pazia. Akiandika kwamba wamevunja masharti, wao arobaini watakatiwa dawa na watu wengine wataanza upya, na pengine mwaka ujao shimo lote litapona, ila si wao.

"Kwa hiyo tufe wote, au tufe sisi," alisema Lyimo. "Menyu fupi."

"Natafuta njia."

"Ipo," alisema Mama Tumpale. "Wewe umeiona ukaikalia."

Mama Tumpale alivisogeza pembeni vichupa vitupu.

"Jaribio ni la miezi minane. Zimebaki siku sitini. Tukianza kesho kila mtu anywe yake, wa povu povu, wa maji maji, hizo nundu zako zitatokea?"

Nje king'ora cha zamu kililia, na hakuna aliyeinuka.

"Zitatokea," Nakiete alisema.

"Wa maji watakufa wangapi?"

"Mama Tumpale..."

"Mimi nimezika mume humu na nimezika dada. Usinifiche hesabu, mwanangu. Wangapi?"

"Wanne. Labda watano. Waliobaki wataharibika, lakini wakipata dawa baadaye watarudi."

"Watano kwa elfu na mia."

"Siwezi kukubali jambo hilo."

"Ulilikubali miezi sita iliyopita." Mama Tumpale hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha. "Ulikuja hapa na karatasi zako, ukatugawa, huku watakaoishi, huku watakaotazamwa wanavyokufa. Tukasaini. Ukashukuru. Ukaenda zako ukalala."

"Sikujua nani ni nani. Mashine ndiyo iliyopiga kura. Hiyo ndiyo maana yake, ili mtu yeyote asiwe na mkono..."

"Ndiyo hapo. Ulipokuwa hutujui, ilikuwa sayansi. Leo unatujua, imekuwa dhambi. Sisi tulijuana tangu siku ya kwanza, Daktari. Kwetu haikuwahi kuwa kitu kingine."

Lyimo alipiga meza kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayemtuliza ng'ombe. "Mwache mtani. Anageuka rangi."

Nakiete alitoka bila kuaga. Njiani kwenda maabara alipishana na watu wa Bweni la Tatu wakipanda kwenye zamu, wakisimama kila baada ya hatua kumi kushika magoti. Mmoja alimwinamia kwa heshima. Nakiete alitamani yule mtu amtukane.

Siku hiyo yote aliandika. Aliandika taarifa ya kushindwa, mistari sita tu, inatosha kufungua lango kwa mtu mmoja. Hakuituma. Akaandika orodha ya majina, akafika la kumi na moja, akaifuta. Akaandika barua ndefu ya kweli kwa yeyote aliye juu ya pazia, akieleza kikoa, upawa, makaburi saba ya Bweni la Tatu na makaburi sifuri ya la Nne, na alipobonyeza kutuma Mizani ilimrudishia kwa upole: taarifa isiyo na tofauti haipiti langoni.

Karani asiyenyamaza, na mashine isiyosikia. Kati ya hao wawili ndiyo nafasi yote aliyobakiwa nayo.

*

Asubuhi ya tatu alikwenda dirishani mwenyewe, akamwambia nesi apumzike. Alikuwa ameamua kuwaambia kwamba hatatuma chochote, Rwegasira amfanye atakavyo.

Walikuwa wameshafika. Walikuwa wamejipanga foleni mbili.

Hazikuwa na kelele. Foleni za shimo huwa na matusi, vicheko, mtu kumkanyaga mwenzake. Hizi zilisimama kama watu walio mlangoni pa mtu mgonjwa. Mama Tumpale alikuwa wa pili kwenye foleni ya kulia.

"Mizani inataka kura," alisema. "Ile ya mashine tuliichafua chunguni, tumepiga upya. Maharage meusi ishirini, meupe ishirini, ndani ya kofia. Hakuna aliyechungulia. Kushoto ni dawa. Huku ni maji. Tutanywa hapa hapa mbele yako, kila siku, ili mkono usije ukatuponyoka tukirudi bwenini."

"Sitagawa."

"Usipogawa tutajigawia, ufunguo wa kabati anao nesi na nesi ana ndugu Bweni la Kwanza. Ila tungependa ugawe wewe. Uandike vizuri. Mwandiko wetu watasema tumeghushi."

Nakiete alitazama foleni ya kulia, na wa kwanza ndani yake alikuwa Lyimo.

Nakiete alikuwa na kipimo cha kila moyo wa bweni lile, kutoka moja, laini, hadi kumi, jiwe. Lyimo alianza na tisa. Nusu dawa ilikuwa imemshusha hadi nane, na kwa nane hiyo alikuwa anaweza kutembea kutoka kitandani hadi mezani na kumtania daktari.

"Lyimo, toka kwenye foleni."

"Nimevuta harage kama wengine."

"Moyo wako kwa maji hautafika siku arobaini."

"Najua, nalala nao."

"Basi toka!"

"Natoka." Alitabasamu, midomo yake ya bluu kingoni. "Natoka sasa hivi, mtani, wala usidhani nina ushujaa. Sitaki kufa. Nikicheka usinione nataka. Ila huku wanatakiwa ishirini. Nikitoka wamebaki kumi na tisa. Nitajie wa kusimama hapa badala yangu."

"Hiyo si kazi yangu."

"Ya nani?"

"Hiyo si kazi ya mtu."

"Basi ni ya harage, na harage limeshasema." Akanyoosha mkono kupokea kichupa. "Au taja. Jina moja tu. Mimi nitakwenda kushoto nikimshukuru Mungu, na wewe nitakushukuru."

Nakiete alitazama foleni ya kushoto. Alijiambia kwamba hatazami kwa ajili hiyo. Alijiambia anatafuta neno la kuwatawanya wote, neno la hasira, neno ambalo mtu aliyesoma miaka ishirini angepaswa kuwa nalo. Lakini kichwa chake kilikuwa kimefunzwa kazi moja vizuri, na kabla hajakikataza kilikwisha kupita foleni nzima kutoka mwanzo hadi mwisho kikiuliza kila kifua namba yake: saba, sita, saba, tano, nane, sita. Tatu. Kulikuwa na tatu moja tu. Moyo uliokuwa na nguvu kuliko yote bwenini, moyo ambao huenda ungevuka siku sitini kwa maji matupu na ukabaki unapiga. Huenda.

"Mpangala," alisema.

Alilisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayesoma orodha. Lakini palikuwa kimya, na likafika.

Tabasamu la Lyimo lilifutika usoni. Aliushusha mkono aliokuwa ameunyoosha. Mama Tumpale alitazama chini. Kura ilikuwa imekufa pale, na aliyeiua ni Nakiete; tangu sasa kila tarakimu atakayoipeleka juu ya pazia itakuwa na kidole chake ndani, na hakuna mashine itakayokiona, ila yeye atakiona.

Hosea Mpangala alikuwa amekwisha kujichukulia kichupa chake cha dawa dirishani. Alikirudisha juu ya kizingiti cha dirisha, akakisogeza mbali na ukingo kisije kikaanguka. Akafuta viganja kwenye suruali. Alizunguka nyuma ya foleni ya kushoto, akampisha mtu mmoja, akampa pole mwingine aliyemgusa bega, akatokea upande wa kulia. Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira, Nakiete angepata mahali pa kujishika.

"Nisimame wapi, Daktari?" aliuliza. "Hapa mbele, au niende nyuma?"